Papa Hawajui Kuposa

Sijaona kiumbe asiyejua kuposa kama papa. Nimewatazama kutoka juu, kwa jicho la droni, mpaka nikajiona mjomba wao, na hakuna hata mmoja aliyekuja na kilo ya sukari. Dume humfuata jike, humng'ata pezi, basi, harusi imekwisha. Washenzi wa maji.

Kazi hiyo naifanyia hapa Eldoret, nchi nzima kutoka baharini, katika chumba cha nyuma cha duka la mbegu. Mama mmoja, daktari wa samaki, alituletea video za papa wa Pwani tuzikague. Tulikuwa wawili: mimi, mhitimu wa ngumbaru niliyesinzia juu ya kila dawati la shule ya Yamumbi mpaka cheti kikanionea huruma, na jamaa mwenye digrii, aliyening'iniza rimoti ya droni kifuani kama askofu na msalaba wake.

Siku moja mama akatuambia anataka mmoja wa kwenda naye kurusha droni. Moyo ukaruka. Bahari yenyewe nilikuwa sijaigusa hata kwa kidole.

"Atakayenionyesha dume ni yupi, ndiye ataenda."

Kwenye skrini papa wawili wakapita, mmoja nyuma ya mwenzake. Nikacheka. Swali la watoto wa nasari hilo! Kwetu kila asubuhi barabara imejaa wakimbiaji, na msichana wa marathon hutanguliwa na mwanamume wa kumvutia pesi, yaani kasi; ndiye pesimeka wake.

"Dume ni huyo wa mbele," nikasema.

"Wa mbele, bila shaka," jamaa akadakia. "Si mnaona anavyomkatia upepo?"

"Upepo gani ndani ya maji, msomi?"

Mama akavua miwani. "Aki nyinyi watu wa Eldoret! Hawa hawako mazoezini. Dume ni wa nyuma. Anatongoza."

Akaenda na binamu yake, mpiga picha za harusi, mtu aliyefuata mabibi harusi maisha yake yote.

Sisi tukabaki na video. Siku hizi alama naziweka sawasawa: mbele jike, nyuma dume. Kisha namtukana huyo dume, hata pesi hajui kuvuta.

Jana mvua ya kutoka milima ya Timboroa ilitushukia, ikavuja mezani. Nikamwambia jamaa aonje, anieleze kama bahari iko hivyo.

Akalamba kidole, akafikiri sana.

"Nadhani," akasema, "chumvi iko kidogo."

Digrii hiyo.