Mguu Juu ya Breki

Miaka ile ya tisini, nikiwa na miezi michache tu ya ndoa, tulipata msiba kwa ndugu wa mke wangu kule Geita. Mke wangu alikuwa mjamzito, akabaki Kishapu. Mimi nikaondoka na wakwe zangu kwa pikapu kuukuu ya baba mkwe. Wao walikaa mbele. Nilipanda nyuma na magunia ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, maana kwetu Wasukuma mtu habanani na mama mkwe wake kwenye kiti kimoja.

Hatukufika mbali, harufu ya kuungua ikaanza. Baba mkwe akasimama, akaja nyuma, akaniuliza kwa upole kama navuta sigara. Nikasema hapana, Baba. Akaendelea, na harufu ikazidi. Akasimama tena, akaniomba nisivute karibu na michembe. Wakati huo nilishauona moshi ukitoka kwenye gurudumu la nyuma la kulia, ila kumwambia mkwe kwamba gari lake ni bovu niliona ni utovu wa adabu kuliko kuvuta sigara. Nikaomba radhi.

Mwishowe gari likagoma. Handibreki ilikuwa imeshushwa kabisa, lakini hata tuliposukuma, pikapu haikusogea. Tukapiga jeki. Gurudumu la kushoto lilizunguka kwa mkono. La kulia lilikuwa la moto na limekaza. Nikaingia uvunguni. Waya wa handibreki ulikuwa umeota kutu ndani ya ala yake: ukishavutwa, haurudi. Tangu nyumbani tulikuwa tunatembea tumefunga breki.

Mama mkwe hakuweza kumtazama mkwe wake akiwa amelala chali chini. Akaligeukia shamba la pamba, akaliambia, “Kuna mtu siafu wanamwingia kwenye suruali.”

Walikuwa wameshaingia. Nikaliambia tairi, “Asante, Mama,” nikaendelea kuuchomoa waya kwa koleo.

Pikapu ikaenda vizuri sana, ila sasa haikuwa na handibreki kabisa, na nyumba ya msiba ilikuwa mlimani. Nikapendekeza tuweke jiwe chini ya tairi. Baba mkwe akasema gari la kuwekewa jiwe lingemwaibisha mbele ya ndugu. Kuliacha kwenye gia nako hakukufaa, gia zilikuwa zinachomoka. Akaniweka kwenye usukani, mguu juu ya breki, wao wakaingia ndani.

Waombolezaji wakaniona nimekaa peke yangu, macho mekundu kwa moshi, sishuki. Wakadhani nimezidiwa na uchungu. Wakaja dirishani kunipa pole mmoja mmoja. Bibi mmoja akanishika mkono akalia sana, nami nikatokwa na machozi, kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi na siafu wengine walikuwa bado wamo. Marehemu sikuwahi kumwona hata mara moja.

Baba mkwe alipotoka, alinikuta nimezungukwa na watu wakinisihi nijikaze.

“Mkwe,” akasema taratibu, “sikujua mlipendana hivyo.”

Nikamwomba anishikie breki nishuke.