Sakafu Ambayo Mma-Onalenna Hakuipiga Deki

Kwa miaka ishirini na sita, kila mwanamke wa umoja wa sala wa kanisa letu, pale kijijini Sediba, alivaa koti lililopita chini ya sindano ya Kebonang Tlhapane. Tulimwita Mma-Onalenna, yaani mama Onalenna, kwa jina la bintiye wa pekee. Mumewe alikwenda machimboni Welkom akarudishwa ndani ya sanduku, naye akabaki na cherehani ya miguu, mtoto wa miaka minne, na mdomo usioomba ruhusa kwa mtu. Makoti hayo ndiyo sare yetu, mekundu, kola nyeupe. Hakukuuliza kama umenenepa. Alikutazama tu, akaongeza inchi mbili.

Mimi nilikuwa jirani yake, ua kwa ua, na koti hilo nililivaa pia. Nalisema mapema mjue kwamba nilikuwepo, na kwamba nilinyamaza.

Onalenna alipata mimba akiwa na miaka kumi na tisa, akisomea ualimu. Kijana aliyehusika akatokomea Bloemfontein. Desturi yetu ilikuwa wazi: binti akianguka, mama anavuliwa koti, maana yeye ndiye aliyelea. Alhamisi moja ya Juni, baridi imetukaza vidole, mwenyekiti wetu Mma-Pheto alisimama.

"Mma-Onalenna, kanuni unazijua. Utavua koti. Utakaa benchi la nyuma, meza ya Bwana hutaigusa, na utapiga deki kanisa kila Jumamosi kwa miezi sita. Ukimaliza, tutakuwa tumeiona toba yako."

Mma-Onalenna akafungua vifungo kimoja kimoja, akalikunja koti vizuri kama la mteja, akaliweka mezani.

"Koti chukueni. Halikunifia msalabani. Lakini sakafu sipigi."

"Hupigi? Mbona umeipiga miaka nenda miaka rudi bila kuombwa?"

"Ndiyo maana. Nilikuwa napiga deki kwa sababu nimesamehewa. Nikipiga ili nisamehewe, nitakuwa nimemwambia Bwana damu yake haikutosha, imebidi tuongeze sabuni."

Mama mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Kiburi hicho!" Mma-Pheto alifoka.

"Kiburi ni cha anayedhani miezi sita yake inatosha. Mimi sina hata siku moja ya kumpelekea Mungu."

Jumapili alikuja na ovaroli yake ya kazi ya bluu, akakaa benchi la pili, mahali pake pa siku zote. Mzee wa kanisa akamwinamia sikioni, akamwonyesha nyuma. Alijibu kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Nyuma wakae watakatifu, baba. Sisi wenye dhambi tunakaa karibu, tusikie vizuri." Mkate ulipopitishwa, aliweka viganja wazi mapajani. Sahani ikamruka. Mwezi uliofuata ikamruka tena, na viganja vilikuwa wazi vilevile.

Wateja walimkimbia. Hata mimi, gauni la shule la mjukuu wangu nililipeleka kwa fundi wa mjini. Nilikutana naye njiani, furushi kwapani, nikakosa pa kulificha. Akalipapasa kidogo. "Mma-Dineo, huyo fundi wako anakupunja mapindo," akasema, akaenda zake.

Msidhani alikuwa malaika. Mimi wa uani nilisikia ambayo kanisa halikuyasikia. Tangu mimba ijulikane, hakuzungumza na bintiye, alimwagiza tu. Maji. Kuni. Majivu. Msichana mwenye tumbo la miezi minane alikwenda bombani mara tatu kwa siku, akasugua masufuria yaliyokuwa safi tayari. Alasiri moja nilikuwa naanika nguo, nikamsikia Onalenna akiitua ndoo.

"Mama, nilipe mpaka lini?"

"Ulipe nini?"

"Kanisani unasema ni bure. Hapa nyumbani nalipa kila siku. Mma-Pheto angalau alikupa miezi sita. Wewe mwisho wangu hujanitajia."

Nilibaki na kibanio mdomoni. Kisha nikamwona Mma-Onalenna akitoka, akaiokota ile ndoo, akaenda bombani mwenyewe. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Ingia ndani ukae, mwanangu," nilimsikia akisema. "Ingia. Miguu imekuvimba." Kesho yake aliniambia juu ya ua, bila salamu: "Hilo nililokuwa nawapigia kelele kanisani, Mma-Dineo, nilikuwa silijui."

Mtoto alizaliwa Septemba, wa kiume, wakamwita Kabo. Kwetu mtoto wa asiyeolewa alibatizwa Jumatano, katika chumba cha mchungaji, mlango umefungwa. Mchungaji Seleka, kijana mpole aliyewaogopa wazee wake wa kanisa, alikuja mwenyewe kuwaeleza.

"Jumatano, Mma, saa tisa. Tutaimba kwa sauti ya chini."

"Huyu alizaliwa mchana, Mchungaji, na kijiji kizima kilisikia mama yake akipiga kelele. Sasa tumfiche nani?"

Jumapili iliyofuata mwinjilisti alimleta mwanawe abatizwe. Alipofika mbele na mkewe, Mma-Onalenna akainuka nyuma yao, Onalenna kando yake na mtoto kifuani. Mma-Pheto akasimama.

"Mtoto huyo haruhusiwi!"

Mma-Onalenna hakumgeukia. "Mchungaji, huyo uliyemshika ametenda jema gani? Amefunga? Ametoa zaka? Amekuja na nepi iliyolowa, ukampokea. Wangu naye amekuja na yake. Kama yupo mtoto humu ndani anayestahili maji hayo, mtuonyeshe, nasi tuondoke."

Mchungaji akayatazama maji. Alimbatiza wa mwinjilisti, akamrudisha kwa mama yake, akanyoosha mikono kwa Onalenna.

"Jina lake nani?"

"Kabo."

Mma-Pheto akatoka. Makoti mekundu kumi na moja yakamfuata, visigino vikigonga sakafu. Mimi sikutoka. Nisijisifu: miguu ilikataa tu. Lakini Kabo alipolia kwa ubaridi wa maji, mtu akaanzisha wimbo, sauti kavu, juu kupita kiasi, na nikatambua kwamba ni mimi. Mma-Onalenna akaudaka ubeti wa pili kama anayepigana.

Baada ya Krismasi Mchungaji Seleka alihamishwa mbali. Kanuni ya koti ipo hadi leo. Ila hakuna mtoto aliyebatizwa tena Jumatano, na baada ya miaka miwili mchungaji mpya alimpa Mma-Onalenna mkate bila kumuuliza mtu. Onalenna alimaliza ualimu. Wateja walirudi, mimi nikiwa wa kwanza, na mapindo yangu alinifanyia mapana.

Yeye na Mma-Pheto walisalimiana kwa kichwa tu kwa miaka, mpaka Mma-Pheto alipopooza upande mmoja. Wanawe walikuwa Johannesburg. Asubuhi moja Mma-Onalenna akaingia kwake na uji mchachu wa mtama na kijiko, na kesho yake tena. Siku ya tatu niliongozana naye. Mma-Pheto alimtazama kwa jicho moja, akayakusanya maneno kwa nusu ya mdomo.

"Unataka nikuombe radhi?"

"Sijakuomba," alisema Mma-Onalenna, akimfuta kidevu. "Fungua mdomo. Uji unapoa."