Kopo la Mawe Laini

Mume wangu alikaa mahabusu miezi minne kwa ajili ya mawe yasiyofaa hata kuegeshea mlango. Mtaani kwetu Kariakoo kila mtu anadhani anajua nani aliyemponza. Nimewaacha na dhana yao.

Alikuwa fundi wa mafeni, ana kibanda chake Mchafukoge. Nyumbani, uani kwenye nyumba tuliyopanga na wenzetu, alikuwa na kopo la rangi alilolivika mpira wa baiskeli kwa ndani, likizungushwa polepole na mota ya feni bovu. Humo ndimo alimosugulia mawe yake. Aliyaokota kwao, milima ya Uluguru, ya kijani na ya zambarau, mawe laini ajabu. Ukiliangusha moja sakafuni linapasuka vipande. Kwa hiyo aliyachanganya na pumba za mpunga na vipande vya kandambili ili yasigongane, akatia maji na unga wa kusugulia vioo aliopewa na fundi wa miwani, yakabingirika hata wiki sita. Likitoka moja linameremeta, analipakata kama mtoto mchanga.

Mimi nilikuwa nachemka. Hatua ya mwisho ilitaka sabuni. Sabuni! Miaka ile tunapanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri kwa mche mmoja, naye anakata kipande anakwenda kuogesha mawe. "Baba Watoto," nilimwambia, "wanao wananuka, mawe yako yananukia. Una akili timamu wewe?" Alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka.

Ndipo ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Watu walimwaga sukari chooni, wakatupa vitenge jalalani kwa kuogopa kukutwa navyo. Mwenye duka wa nyumba ya mbele alichukuliwa mchana kweupe, mikono bado ina unga. Tulichungulia madirishani, hakuna aliyetoka. Tangu siku ile hata salamu za mtaani zikawa fupi.

Kopo letu sasa lilisikika nyumba nzima. Grrr, grrr, tangu asubuhi. Mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke tuliyekuwa tukisukana naye nywele, akaniuliza huku anaosha vyombo, bila kunitazama: "Shoga, hivi lile kopo linasaga nini? Maana watu wanasema mna vito vya magendo." Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nilipomweleza mume wangu, akasema, "Waje. Nitawaonyesha. Mtu anayejua madini akiyatazama atacheka." Nilimkasirikia. Nani atahangaika kumwita huyo mtu? Wataona yanang'aa, basi, kwisha habari yetu.

Alhamisi, alipoondoka kwenda kazini, nikafungua kopo. Nikatoa pumba, nikatoa kandambili. Nikamimina humo mawe yote, pamoja na yale ya kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, kazi ya miaka mitatu, nikaongeza kokoto za ujenzi, nikawasha. Wallahi mlio ule siusahau. Kwanza yaligongana, halafu yakawa yanakatika, hadi mchana likabaki tope linazunguka. Nilisimama pale nimeshika kiuno, nikijiambia nimemwokoa mume wangu.

Walikuja siku hiyohiyo, saa tisa, balozi wa nyumba kumi mbele, askari wawili nyuma. Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Aliwakaribisha vizuri, akawaongoza uani bila wasiwasi wowote, akazima mota, akafungua kopo awaonyeshe. Akatia mkono. Akautoa umejaa tope la kijani.

"Mlikuwa na nini humu?" akauliza askari mmoja.

"Mawe."

"Mawe gani? Kama ni ya kawaida, kwa nini myasage leo, na mnajua tunapita?"

Yangekuwa mazima, mtu wa madini angeyatazama na kweli angecheka. Tope angelitazama amwambie nani nini? Balozi, aliyekuwa akifuturu kwetu kila Ramadhani, aligeukia ukutani.

Mume wangu akanitazama mimi. Akaona kokoto zilizobaki, akaona pumba nilizomwaga kando ya karo, akaelewa yote, na mimi nikaona anaelewa. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni.

"Nimesaga mimi," akasema. "Mke wangu hajui lolote."

Askari akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Mimi huyu, ninayejibu hata nisipoulizwa, nilitazama kucha zangu. Bado zilikuwa na tope, nikazificha ndani ya khanga.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."