Mupanga wa Mama Mbele ya Juji

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo hainitoki. Nilikuwa binti kijana. Vita vilikuwa vimetufukuza Masisi, mimi na mama yangu, tukafika hapa Goma kwa miguu. Tulipanga kachumba pale Katoyi, juu ya mawe ya volkano, na chakula chetu chote kilitoka katika mupanga mumoja. Mama alikata nao majani ya ng'ombe, akasafisha nao mashamba ya watu. Bila mupanga hakuna mutu angemupa kazi.

Basi bourgmestre wa wakati ule, mukubwa wa serikali katika eneo letu, akatoa amri: mutu asionekane barabarani na mupanga, mukuki wala shoka, eti ni silaha. Kweli watu walikuwa wanauawa, siwezi kukudanganya. Lakini waliotuua walikuwa na bunduki, na bunduki zilipita ndani ya gari, zikipigiwa saluti. Polisi mumoja, Kaputo, jina lake nalisema bila aibu, akamunyang'anya mama mupanga pale bariere iliyofunga njia.

"Mama, unaenda kupigana na nani?" akamucheka.

"Na majani, mutoto wangu."

Hakumurudishia.

Tulionyang'anywa tulikuwa wengi, tukapatana kuishitaki ile amri. Na hapo tukaleta desturi ya mulimani ndani ya muji. Kule kwetu, mwenye kuumia hakuwa anajisemea mbele ya chifu. Alikaa chini kimya, kwa heshima, na mutu wa jamaa mwenye kujua kusema akamusemea. Kwa hiyo tukamutafuta musemaji: Papa Anselme, muuza mabati, ambaye Kifaransa chake kilikuwa kinateleza kama sabuni. Alikuwa anatamani kuchaguliwa deputé aende bungeni, hakukataa. Akashitaki kwa jina lake peke yake, na sisi tukashangilia.

Siku ya kusikilizwa kesi kule kortini, mama na wenzake walikaa inje, kando ya ukuta. Mimi nikaingia. Anselme akasema mpaka jasho likamutoka. Juji alimuacha amalize.

"Papa, mupanga wako ulikamatwa wapi?"

"Mimi sina mupanga, Muheshimiwa. Majani ya kwangu inakatwa na santineli anayelinda nyumba."

Watu wakacheka.

"Sasa amri hii imekuumiza wapi?"

"Ninasemea wanyonge!"

"Hao wanyonge wako wapi?"

"Wako inje."

"Basi si wao walioshitaki. Ni wewe, na wewe haujaumizwa. Hauna kalite."

Kalite, mwanangu, ni ile haki ya kusimama mbele ya juji na kusema: jambo hili limenigusa mimi. Ukiikosa, hata maneno yako yakiwa ya kweli, juji hafiki kuyapima. Mashitaka yakatupwa. Anselme akapanda gari lake, hakutuangalia hata kidogo.

Mama aliposikia, akasema: "Basi nitashitaki mimi."

Nikamulilia. "Mama, kila siku unapita mbele ya Kaputo! Akijua umemutaja?"

Akaninyooshea kitambaa kichwani polepole, kama vile nilikuwa ningali mudogo. "Unataka nikae salama, halafu nikuangalie ukilala njaa? Wa bunduki nilimukimbia Masisi. Huyu wa bariere nitamukimbia niende wapi, ndani ya ziwa?"

Lile karipio lake lilikuwa laini, lakini lingali ndani yangu.

Tulipata avoka, mutu wa kutetea watu kortini, kijana mwenye huruma. Kwanza wakamuomba bourgmestre aondoe amri yake, hakujibu. Ndipo wakaenda kortini, na safari hii kwa jina la mama. Juji akamuuliza lile lile: mupanga wako ulikamatwa wapi?

"Pale bariere, Muheshimiwa. Na Kaputo."

"Ulikuwa unaufanyia nini?"

"Ulikuwa unatulisha, mimi na huyu binti."

Hakuna aliyecheka. Juji akasema huyu mama ana kalite, akasikiliza mpaka mwisho, na amri ikaanguka kwa upande wa vyombo vya kazi: mupanga wa kukatia majani haukuhesabiwa tena silaha. Mupanga wenyewe hatukuuona tena. Kaputo alikuwa ameuuza. Mama akaazima wa jirani. Kesho yake akapita bariere nao begani, mimi nyuma yake. Kaputo akageuza uso. Mama hakuongeza mwendo.

Sikusoma sana, mwanangu, na wale waliotutesa bado nina uchungu nao. Lakini hili nakuachia. Amri mbaya ikikugusa, usimutume mutu ambaye haijamugusa aende kulia kwa jina lake. Mutafute mwenye kujua sheria akae kando yako, lakini mahali pako pa kusimama usimupe. Tia jina lako wewe. Woga utakuja tu. Enda nao hivyo hivyo.

Mungu akukinge na wenye bunduki na wenye mihuri. Siku utakapoitwa mbele ya wakubwa akushike magoti yasilegee, na akurudishe nyumbani kwa watu wanaokungojea.