Yai Lenye Msalaba wa Makaa

"Ma Annuarite, yai yangu iko muzima?"

Arlène alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo, nyumbani kwa jirani yao katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, dirisha likiwa limezibwa kwa kitenge ili chumba kiwe giza. Kuku alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili kwa siku saba. Moja, lenye msalaba wa makaa, lilikuwa lake la kujifunzia.

Ma Annuarite, mjane kutoka Fizi, alishona nguo, lakini sifa yake ilikuwa kutotolesha mayai ya watu. Alifundisha kwa maneno machache: yai halioshwi, kuku hasumbuliwi, maji hayakauki. Siku ya saba unamulika kwa tochi ya simu. Ukiona mishipa imetawanyika kama mizizi, mtoto yumo. Ukiona pete ya damu tu, amekufa. Litoe, maana litaoza na kuwapasukia wenzake. Hapo hakuwa na huruma. Hata yai la mke wa mchungaji alilitupa chooni, mwenyewe akitazama.

Mama yake Arlène alikuwa amelazwa hospitali ya Likuni. Baba, Wilondja, alipokwenda kumuuguza aliahidi, "Wiki tatu, mama atarudi." Kifaranga naye hutoka baada ya wiki tatu. Mtoto akayafunga hayo mawili kamba moja.

Ma Annuarite akamulika, akatazama kwa muda mrefu. Alilirudisha yai chini ya kuku, akasema, "Leta maji."

Kesho yake Wilondja alirudi na jeneza.

Baada ya mazishi Arlène aliendelea kuja kila asubuhi na kikombe cha maji. Hakulia. Alichuchumaa mbele ya kuku, akangoja. Siku ya kumi na tisa yai lake likapasuka, uvundo ukajaa nyumba, uchafu ukayapaka mengine. Vilitoka vifaranga vitatu tu.

Nahayo, jirani Mrundi, alikuja ameziba pua. "Ee fundi, leo njo umeshindwa kuona yai bovu? Tukutafutie lunettes za macho Lilongwe."

"Macho imezeeka," Ma Annuarite akakubali, akifagia.

Siku hiyo ndipo Arlène alipolia, mpaka sauti ikakauka. Na watu wakapunguza kumletea fundi kuku zao.

Sasa Arlène yuko sekondari, na macho ya Ma Annuarite yamezeeka kweli, kwa hiyo msichana ndiye anayemulika. Mwezi uliopita alikuta pete ya damu ndani ya yai moja. Akaitazama.

"Ma, ile yangu ya msalaba. Ilikuwa muzima?"

Ma Annuarite alikata uzi kwa meno kwanza.

"Hapana. Niliona pete, kama hiyo. Lakini baba yako alikuwa ametoka kunipigia simu toka Likuni, akaniomba nikae kimya mpaka afike. Na we ulikuwa umeshika iyo yai na mikono mbili. Habari moja nilikatazwa kusema, mwanangu. Ingine nilishindwa."