Mfungo wa Dada

Miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, kijijini kwetu milimani Iringa, dada yangu alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mwenye mashavu ya kujaa. Wavulana walimwita Pipa. Alicheka nao, lakini mimi mdogo wake nilijua kicheko kile hakikutoka moyoni.

Kwaresima ilipoingia sote tulifunga, ila dada alizidisha. Jioni tulipozunguka sahani moja ya ugali, alimega tonge, akalifinyanga, akalichovya kwenye mboga ya maboga, kisha akanipa mimi. Mkono wake ulikuwa na shughuli nyingi kuliko mikono yetu sote, basi hakuna aliyeangalia kinywa chake. Nilinawiri mimi.

Katekista alipoona dada amekonda, alimsimamisha kanisani akamsifu mbele ya watu. Hadi leo nikimkumbuka mzee yule nakasirika. Tangu siku hiyo akina mama wakamwita Sista, na mama yetu akatembea kifua mbele. "Mwanangu ameitwa na Mungu," aliwaambia kisimani. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilichomwa na mifupa yake, na niliogopa.

Pasaka ikafika. Mama akachinja kuku, akampa dada firigisi, ambayo kwetu ni ya baba. Dada aliinusa tu, akairudisha.

"Tumbo halitaki, mama."

Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na malaika laini yalikuwa yamemwota mikononi kama ya kichanga. Mama aliyaona, akayafunika kwa kanga. Majirani walizidi kuja kuomba awaombee.

Mvua zilipokatika hakuweza tena kusimama. Wanaume walimlaza kwenye machela, tukashika njia ya hospitali mjini. Habari zilitutangulia. Kila kijiji wanawake walitoka, wakapiga magoti, wakasogeza watoto wao awaguse.

"Kamwene, mama," mmoja alimsalimu mama yetu. "Una bahati kuzaa mtakatifu."

"Huyu si mtakatifu," mama alijibu taratibu. "Ni mtoto wangu, ana njaa. Kama una uji nisaidie."

Mwanamke yule alikimbia nyumbani, akarudi na uji wa ulezi. Mama akampelekea dada kinywani. Dada akafumbua macho, akageuza uso.

"Mama, usiniaibishe mbele za watu."

Hakusema tena. Mjini tulifika na maiti.