Pwani Haina Mwenyewe

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata sasa hunitia haya, mwanangu, nami nakusimulia kwa sababu nimesikia nawe unatunga mashairi. Ilikuwa miaka ya themanini, hapa Malindi. Nilikuwa nimeolewa, mwezi haujatimia, mume wangu akanichukua kutembea ufuoni kaskazini ya mji. Niliporudi nyumbani nikatunga:

Pwani haina mwenyewe,
ila mimi na mwandani.

Watu walilipenda shairi lile. Lilisomwa kwenye harusi za watu, hata likamfikia bwana mmoja mgeni, mpole wa maneno, aliyeniomba nimwandikie nakala. Sikumwuliza ya nini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa, nikaandika kwa hati yangu nzuri na kutia jina langu chini.

Hazikupita wiki nyingi chifu akaitisha baraza. Yule bwana alitaka kujenga hoteli pale pale, na kwa maneno yake pale hapakuwa na mtu. Akatoa karatasi yangu akaisoma. Hata wenyeji, alisema, wanashuhudia kwamba pwani haina mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze.

Alikuwapo Mzee Charo, Mgiriama aliyerithi shamba la minazi pale kwa babake, wala hakuwa na hati ya ardhi. Hakunigombeza. Aligeuka akanitazama.

"Mwanangu," akaniuliza, "siku ile mlikunywa madafu ya nani?"

Yalikuwa yake. Alikwea mnazi mwenyewe kutuangulia, na mkewe akatutandikia mkeka. Wote wawili sikuwatia shairini, maana mapenzi yangu yalitaka pwani tupu. Basi nilisimama nikayasema hayo mbele ya chifu. Yule bwana akatabasamu, akasema bibi huyu ameona haya tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee Charo alihamia Adu, huko bara mbali na bahari, na minazi yake ikakatwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usilidharau shairi la mapenzi. Laweza kuitetea nchi, na laweza kuiuza. Ukiusifu msitu au mto, mtaje aishiye hapo, kwa jina lake na la mamake. Na mtu akilipenda mno shairi lako ilhali jirani yako hamsalimu, mwulize analipeleka wapi kabla hujampa. Akikasirika, umeshajibiwa.

Mungu akujaalie ulimi mtamu, usiomtoa mtu kwao.